Uzi: Rangi ya jino hukosewa kabla daktari hajalitazama

#1 – Mwanzisha uzi

Habari za wakati huu, wanajukwaa.

Nimeona nianzishe uzi huu kuhusu kazi ambayo sisi madaktari wa meno huipa dakika mbili za mwisho, kisha ikatulazimu kurudia kazi ya wiki nzima: kuchagua rangi ya jino la kutengenezwa. Daktari hushika kijino cha sampuli kando ya jino la mgonjwa, hutazama, huandika herufi na namba kwenye fomu ya maabara, akaendelea na mengine. Nimefanya hivyo kwa miaka mingi, na nimekosea mara za kutosha kunifanya nifuatilie makosa yenyewe yanaanzia wapi. Nilichokiona ni kwamba mara nyingi jicho la daktari ni zima na mkono wake ni mzoefu. Kinachokuwa kimeharibika ni hali ya jino, ya mwanga na ya jicho lenyewe katika ile dakika ya kulinganisha, na tunakuwa tumeiharibu wenyewe kwa jinsi tulivyozipanga kazi zetu.

Nitoe mfano wangu mwenyewe. Mgonjwa alikuwa na jino moja la mbele la juu lililovunjika, akahitaji kofia ya kauri, yaani ganda la kulifunika jino lote. Nilianza na sindano ya ganzi, nikapanga vibunda vya pamba, mpira wa kunyonya mate ukawekwa, nikalichonga jino huku maji na hewa vikipishana, nikachukua vipimo, na baada ya dakika kama 40 ndipo nikakumbuka rangi. Jino la jirani, ambalo ndilo lilipaswa kuwa kielelezo, lilikuwa limekaa wazi muda wote huo, midomo ikiwa imevutwa. Lilikuwa jeupe, na karibu na ncha yake palikuwa na vipaku mithili ya chaki ambavyo sikukumbuka kuviona mwanzoni. Nilijaribu vijino kadhaa, nikaandika B1, alama ya rangi nyeupe zaidi kwenye seti ya sampuli. Kofia iliporudi niliiweka mahali pake, nikampa mgonjwa kioo cha mkononi, akasogea nacho dirishani. Alitazama, akafunga mdomo, akaufungua tena kidogo, halafu akaniuliza kwa upole kama rangi ile ingebadilika kadiri siku zinavyokwenda. Maabara haikuwa na kosa lolote. Kofia ile ililingana na B1 sawasawa. Jirani yake, likiwa na mate yake siku hiyo, lilikuwa A2, ambayo si nyeupe kama B1.

Kilichotokea kinaelezeka. Enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, ni madini kwa takribani asilimia 96 ya uzito wake, lakini ndani yake mna vinafasi vidogo mno vilivyojaa maji. Mwanga unapotoka kwenye madini kuingia kwenye maji hupinda kidogo tu, kwa kuwa vipimo vyao vya kupinda mwanga havijaachana sana: enameli ni kama 1.62 na maji ni 1.33. Maji yakikauka, nafasi zile huingiwa na hewa, ambayo kipimo chake ni kama 1.00, na kila mpaka kati ya madini na hewa huanza kuutawanya mwanga na kuurudisha nje. Mwanga uliopaswa kuzama hadi kwenye dentini, tabaka lililo chini ya enameli ambalo ndilo lenye umanjano, haulifikii tena kama awali, na jino huonekana jeupe na lisilopenyeza mwanga. Mabadiliko haya yanaweza kuonekana kwa macho ndani ya dakika 10, hasa jino linapotengwa kwa shuka ya mpira, lakini kurudi katika hali yake kunaweza kuhitaji zaidi ya nusu saa, na pengine hadi kesho yake. Kwa hiyo kumwambia mgonjwa asukutue na kusubiri dakika tano hakurekebishi kitu. Rangi ichukuliwe pale mgonjwa anapokaa kitini, kabla ya ganzi na kabla ya pamba, jino likiwa limesafishwa utando na madoa ya juu lakini bado lina unyevu wake. Kati ya yote nitakayoyaeleza hapa, hili ndilo ninalolipa uzito mkubwa zaidi, kwa sababu halihitaji kifaa wala gharama yoyote, na bado linapuuzwa kila siku.

Jambo linalofuata ni kujua tunatafuta nini tunapotazama. Albert Munsell wa Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, aliigawa rangi katika pande tatu ambazo hadi leo tunazitumia: jamii ya rangi, yaani kama inaelekea manjano au wekundu, mwangaza wake, yaani iko wapi kati ya nyeusi na nyeupe, na ukolevu wake, yaani imekolea au imepoa. Wengi wetu tulizoea kuanza na jamii ya rangi, kwa sababu seti ya sampuli ya kampuni ya VITA iliyotoka mwaka 1956, yenye vijino 16, imepangwa hivyo: A ni wekundu wa kahawia, B ni manjano yenye wekundu, C ni kijivu, na D ni kijivu chenye wekundu. Lakini meno ya asili hayapishani sana katika jamii ya rangi, na anayemtazama mgonjwa akizungumza hunasa kwanza kosa la mwangaza. Kofia iliyokosea umanjano kidogo huku mwangaza wake ukiwa sahihi hupita bila mtu kugundua; iliyopatia umanjano ikakosea mwangaza huonekana kutoka upande wa pili wa chumba. Ndiyo maana seti ya 3D-Master, ya kampuni hiyohiyo, iliyotoka mwaka 1998, humtaka daktari achague kundi la mwangaza kwanza, kisha ukolevu, na jamii ya rangi mwishoni. Hata mwenye seti ya zamani anaweza kuvipanga upya vijino vyake kutoka cheupe zaidi kwenda cheusi zaidi, akianza na B1, A1, B2, D2, A2 na kuendelea hadi C4.

Macho yenyewe yanatusaidia katika hili tukiyaelewa. Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ina chembe za koni, kama milioni sita, zinazotambua rangi, na chembe za vijiti, ambazo ni zaidi ya milioni mia moja, zinazofanya kazi kwenye mwanga hafifu na zisizotofautisha rangi. Ukifinya macho hadi kope zikaribie kukutana, mwanga unaoingia hupungua, rangi hufifia, na kinachobaki wazi ni tofauti ya mwangaza. Kijino kinachotoweka kwanza, kikamezwa na jino la jirani, mara nyingi ndicho chenye mwangaza unaolingana. Baada ya hapo fungua macho kawaida utafute ukolevu, ukianzia sehemu ya jino iliyo karibu na ufizi, ambako enameli ni nyembamba na dentini inaonekana zaidi. Kama hujapata jibu kwenye jino la kati, litazame chonge, ambalo kwa kawaida limekolea zaidi na jamii yake ya rangi hujitokeza kwa urahisi.

Sasa mwanga. Fundi cherehani anayetafuta uzi wa kushonea kitambaa hutoka navyo nje kwa sababu anajua taa ya ndani humdanganya, na sisi tunapaswa kuwa waangalifu kama yeye. Balbu ya kawaida ya njano, ambayo mwanga wake uko karibu na kelvini 2700 hadi 3000 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), ina wekundu mwingi na bluu kidogo, hivyo meno yote chini yake huonekana ya manjano. Taa za mirija zinaweza kuwa na kijani kilichozidi. Ile taa kubwa ya kiti cha mgonjwa nayo ni kali mno: huufuta mwangaza halisi wa jino kwa mng'ao unaorudi kutoka kwenye enameli, na ni heri izimwe kabisa wakati wa kulinganisha. Kinachotakiwa ni mwanga wa kelvini kati ya 5000 na 6500, unaotoa rangi kwa uaminifu wa kiwango cha 90 au zaidi kati ya 100, wenye nguvu ya wastani na uliosambaa sawasawa. Mwanga wa dirisha la upande usiopigwa na jua moja kwa moja ni mzuri, ila haukai mahali pamoja: wa asubuhi na wa jioni una wekundu, wa mchana wenye mawingu una ubluu.

Ipo hali nyingine inayoitwa metamerizimu, ambayo huwaumiza wengi. Vitu viwili vyenye muundo tofauti vinaweza kufanana kabisa chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine, kwa kuwa kila kimoja hurudisha mawimbi tofauti ya mwanga ambayo jicho, kwa bahati, huyasoma kama rangi ileile. Kauri na enameli ni vitu viwili vyenye muundo tofauti, kwa hiyo hatari hii ipo kila mara. Dawa yake ni kulinganisha chini ya angalau mianga miwili, wa mchana na wa ndani, na kuchagua sampuli inayovumilia yote miwili hata kama haikuwa bora kabisa chini ya mmoja wapo.

Kisha vilivyolizunguka jino. Mwanakemia Mfaransa Michel-Eugène Chevreul, alipokuwa akisimamia upakaji rangi katika kiwanda cha Gobelins jijini Paris, alipelekewa malalamiko kwamba nyuzi fulani nyeusi zimefifia. Alizichunguza akakuta rangi yake haina kasoro. Zilionekana hafifu kwa sababu ya rangi zilizofumwa kando yake. Mgonjwa aliyepaka rangi ya mdomo nyekundu anatufanyia jambo hilohilo: jicho likizama kwenye wekundu, huanza kuliona jino likielekea kijani. Rangi ya mdomo ifutwe, nguo yenye rangi kali ifunikwe kwa kitambaa cha kijivu, na ikiwezekana kuta za chumba cha kazi ziwe na rangi tulivu. Hata ufizi uliovimba na kuwa mwekundu hubadilisha jinsi jino linavyoonekana, na ni sababu nyingine ya kutibu ufizi kwanza.

Jicho huchoka upesi. Ukikodolea macho jino na sampuli kwa zaidi ya sekunde tano hadi saba, koni zinazoshughulika na manjano na wekundu huanza kulegea, na sampuli tatu tofauti huonekana zote sawa. Hapo ndipo daktari husema "hii inatosha". Tazama kwa muda mfupi, ondoa macho, yapumzishe kwenye kadi ya kijivu, kisha rudi. Zamani ilishauriwa kupumzisha macho kwenye kadi ya bluu, lakini bluu huacha taswira baki inayoelekea manjano, nawe hurudi kwenye jino ukiwa umekwisha kuelemewa upande mmoja. Mara nyingi chaguo la kwanza, lile la sekunde chache za mwanzo, ndilo la kuaminiwa zaidi.

Nimalizie na daktari mwenyewe. Kati ya watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, takribani asilimia 8 ya wanaume na asilimia 0.5 ya wanawake wana udhaifu wa kutambua rangi, na wengi hawajui hadi wapimwe. Kipimo cha Ishihara, kilichobuniwa na daktari wa macho wa Japani na kutoka mwaka 1917, hugundua udhaifu wa nyekundu na kijani kwa dakika chache, na naona kila mwanafunzi wa tiba ya meno angestahili kupimwa mapema, ili mwenye tatizo ajue kwamba anahitaji msaidizi au kifaa na asilione kuwa aibu. Umri nao una nafasi: lenzi ya jicho huwa ya manjano kadiri tunavyozeeka, hivyo tofauti ndogo kati ya nyeupe na manjano hutupita. Zipo pia dawa zinazoyumbisha uonaji wa rangi. Sildenafili, dawa ya nguvu za kiume, huweza kutia ubluu kwenye kila kitu kwa muda, na digoksini, dawa ya moyo, ikizidi mwilini huleta umanjano. Kuhusu jinsia na miaka ya uzoefu, tafiti zimetoa majibu yanayopingana, nami sioni haja ya kuyavuta upande wowote. Linaloonekana kusaidia ni mazoezi ya makusudi: kuchukua vijino ambavyo majina yake yamefunikwa, kuvilinganisha, na kujisahihisha.

Karibuni tuchangie.

#2 – Mchangiaji, fundi wa maabara ya meno

Asante sana daktari kwa uzi huu. Naomba niongeze upande wetu wa maabara, kwa sababu fomu ikishatoka kliniki, hayo macho yaliyolinganisha hatunayo tena. Tunacho kilichoandikwa tu. Kliniki moja ninayofanya nayo kazi huniletea fomu yenye neno "A2" na hakuna kingine. A2 ya wapi? Jino la mtu mzima lina angalau maeneo matatu: karibu na ufizi limekolea, katikati lina rangi yake ya msingi, na kwenye ncha linapenyeza mwanga na wakati mwingine lina ubluu hafifu au kijivu. Nikitengeneza kofia ya A2 kuanzia juu hadi chini, nitakabidhi kitu kinachofanana na kijino cha sampuli na kisichofanana na jino la mtu yeyote. Mchoro wa jino uliogawanywa kwa penseli katika maeneo matatu, ukiwa na alama za nyufa, madoa meupe na mahali ncha inapoanza kupenyeza, unanisaidia kuliko maelezo marefu.

Pili, kijino cha sampuli si kofia. Kijino kina unene wa milimita tatu au nne na kimetengenezwa kwa tabaka kadhaa, wakati kauri ninayoruhusiwa kuijenga pengine ni ya milimita moja. Kauri ikiwa nyembamba na ya kupenyeza mwanga, kama ile ya lithiamu disiliketi, kinachoonekana nje kinatokana pia na kilichopo chini yake. Jino lililokufa likawa jeusi, au lenye nguzo ya chuma, litatoa kijivu chake hata nikipanga rangi vizuri namna gani. Ndiyo maana naomba niletewe rangi ya kisiki, yaani sehemu ya jino inayobaki baada ya kuchonga, pamoja na rangi ya jino la jirani, ili nijue kama nahitaji msingi mzito wa kuzuia weusi. Rangi ya gundi nayo inaingia humo, na daktari akibadilisha gundi dakika ya mwisho, kazi yangu hubadilika mbele ya macho yake.

Tatu, seti za sampuli huzeeka. Nimewahi kulinganisha seti yangu na ya kliniki, tukakuta A3 mbili ambazo hazikuwa ndugu kabisa: yao ilikuwa imepitia dawa za kuua vijidudu kwa miaka, na shingo za vijino zilikuwa na madoa. Baada ya hapo tulikubaliana kwamba seti zote mbili zibadilishwe kwa pamoja.

#3 – Mchangiaji, mwanafunzi wa mwaka wa nne

Shikamooni wakubwa zangu. Nimejifunza mengi. Swali langu ni je, kwa nini tuhangaike na macho wakati kuna vifaa vya kupima rangi, na kila mmoja wetu ana simu yenye kamera nzuri? Je, hatuwezi kupiga picha tu na kuituma maabara?

#4 – Mwanzisha uzi

Marahaba mwanafunzi, swali lako ni la msingi. Spektrofotomita hupeleka mwanga unaojulikana kwenye jino, hupima kiasi kinachorudi kwa kila urefu wa wimbi, kisha hutoa jibu kwa namba. Haichoki, haijali rangi ya mdomo, na haibadiliki mchana na jioni. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2002 ulipima meno ya watu 30: madaktari watatu waliolinganisha kwa macho walikubaliana wote kwa takribani robo ya meno hayo, wakati vipimo vitatu vya kifaa vilikubaliana kwa zaidi ya asilimia 80. Hiyo ni tofauti kubwa, na mwenye uwezo wa kukipata kifaa asisite.

Hata hivyo kifaa kina mahali pake pa kukosea. Ncha yake ikielekezwa mshazari, au ikiwekwa kwenye mviringo wa jino, sehemu ya mwanga hutorokea pembeni ndani ya enameli isirudi kwenye kipokezi, na kipimo hutoka cheusi kuliko jino lilivyo. Hakiwezi kukueleza vipaku, nyufa wala jinsi ncha inavyopenyeza. Na ukikiweka kwenye jino lililokauka, kitakupa kwa usahihi mkubwa rangi ya jino lililokauka. Mimi hukitumia, kisha hukagua jibu lake kwa macho.

Namba zenyewe zimetusaidia kujua kosa la ukubwa gani ni kosa. Mwaka 1976 tume ya kimataifa ya mwangaza ilipitisha mfumo wa kuiweka kila rangi kwenye nafasi yenye vipimo vitatu, ili umbali kati ya rangi mbili uweze kuhesabiwa. Katika kazi ya meno, mwongozo wa ISO, shirika la kimataifa la viwango, wa mwaka 2016 unataja tofauti ya 1.2 kwa kipimo hicho kuwa ndiyo ambayo nusu ya watazamaji huanza kuiona, na 2.7 kuwa ndiyo ambayo nusu yao hawaikubali tena. Kati ya namba hizo mbili kuna kazi nyingi ambazo fundi anaziona zina kasoro na mgonjwa ameridhika nazo kabisa.

Kuhusu simu, picha yake ni msaada mkubwa wa mawasiliano, lakini isiwe kipimo. Simu hujirekebishia weupe yenyewe kila inapopiga, hivyo jino lilelile linaweza kutoka la manjano katika picha moja na la bluu katika nyingine. Ukitaka picha yako imsaidie fundi, weka ndani ya picha hiyohiyo kijino ulichokichagua, ncha yake ikitazamana na ncha ya jino na vyote viwili vikiwa kwenye bapa moja, kwa sababu kikisogea mbele kidogo kitaonekana cheupe zaidi. Jina lake lisomeke. Ongeza kijino kimoja kilicho juu yake kwa mwangaza na kimoja kilicho chini, na kadi ya kijivu ikiwa unayo. Fundi atalinganisha jino na vijino hivyo ndani ya picha, na kosa la kamera litakuwa limevikumba vyote kwa pamoja. Kichujio cha mwanga kinachoondoa mng'ao kinafaa zaidi, kwa kuwa mng'ao wa flashi kwenye enameli huficha kile unachotaka kukionyesha.

Fundi, nakushukuru sana kwa suala la kisiki. Nakiri kwamba kwa muda mrefu nilikuwa siliandiki.

#5 – Mchangiaji, mgonjwa

Nawasalimu wataalamu. Mimi si daktari, ila nimepangiwa kuwekewa kofia ya jino la mbele, na nilikuwa nimekusudia pia kuyang'arisha meno yangu mengine. Nifanye lipi kwanza? Na kama kofia ikija rangi siyo, je, nitaonekana msumbufu nikisema?

#6 – Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, umeuliza kwa wakati mzuri. Anza na kung'arisha, kwa sababu dawa ya kung'arisha hubadilisha meno ya asili tu na haigusi rangi ya kauri. Ukiweka kofia kwanza kisha ukang'arisha, majirani watapanda weupe na kofia itabaki ilipokuwa. Baada ya kumaliza, subiri takribani wiki mbili kabla ya kuchukuliwa rangi, kwa kuwa siku za mwanzo meno huwa meupe kupita hali ambayo yatatulia nayo, na oksijeni inayobaki ndani ya enameli hudhoofisha ushikaji wa gundi.

Siku ya kuchukua rangi, nenda bila rangi ya mdomo, na kama unaweza vaa nguo isiyo na rangi kali. Mwambie daktari wako, kwa adabu tu, kwamba ungependa rangi ichaguliwe mwanzoni mwa miadi. Omba nawe uone sampuli kwenye kioo, kwa sababu macho yako yanalijua jino lako kuliko yetu.

Kuhusu kusema, sema. Yule mgonjwa wangu wa mwanzo nusura anyamaze kwa sababu alidhani kuuliza ni kunikosea heshima, na kama asingelitoa lile swali lake dogo ningemgandishia kofia isiyo yake. Kofia inapojaribishwa, kabla ya gundi, simama nayo dirishani, kisha itazame chini ya taa ya ndani, zungumza, cheka, na mwite uliyekuja naye aitazame akiwa mbali kama hatua mbili. Likikusumbua jambo, lieleze hapohapo, maana wakati huo fundi bado anaweza kuongeza rangi juu ya kauri na kuichoma tena kwenye tanuru, au kuanza upya. Ikishagandishwa, njia iliyobaki kwa kawaida ni kuikata na kuitoa.